Tripodi ya safari: gramu chache zinazoamua faida ya mfanyabiashara

Na Mwandishi Wetu, Arusha

JIONI ile juu ya Little Meru upepo haukuwa mkali kiasi cha kumtisha mtu. Kilimanjaro ilikuwa imejitokeza upande wa mashariki juu ya mawingu, na jua lilikuwa likizama nyuma yetu. Nilikuwa nimefungua tripodi yangu, stendi ya kamera ya miguu mitatu, niliyoinunua kwa Sh60,000 kwa sababu moja tu: ilikuwa nyepesi na iliingia kwenye begi. Miguu yake ilikuwa mifupi, hivyo nikauvuta mlingoti wa katikati hadi mwisho ili kamera ifike usawa wa jicho. Nikageuka kuchukua glovu. Niliposikia mlio, kamera ilikuwa tayari imelala kifudifudi juu ya mawe.

Kamera yenyewe haikuwa yangu. Niliiazima kwa rafiki, na gharama ya kutengeneza lenzi niliilipa kwa awamu tatu. Nilipoikagua tripodi nikakuta bega la plastiki linaloshika mguu mmoja limepasuka. Niliirudisha dukani. Muuzaji, ambaye naye aliinunua kwa mtu aliyeivusha mpakani, hakuwa na spea, hakuwa na risiti ya huko ilikotoka, na hakuwa na pa kuirudisha. Alinipa nusu ya fedha zangu kwa utu wake tu. Hasara ile tuligawana, mimi na yeye. Aliyeivusha mpakani alikuwa ameshachukua faida yake na kwenda zake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiangalia bidhaa hii kwa macho mawili, la mpanda mlima na la mfanyabiashara. Na nimegundua kuwa anayeagiza tripodi kwa kuangalia bei na picha ya kwenye boksi ananunua ugomvi.

Zamani tripodi ilikuwa mali ya studio na ya mpiga picha wa harusi. Leo anayeitafuta ni mtalii aliyesahau yake nyumbani, mwongoza watalii anayetangaza kazi yake mitandaoni, kijana anayerekodi safari zake kwa simu, na vikundi vya vijana wa mijini wanaopanda milima kila mwisho wa mwezi. Milima mitatu mirefu kuliko yote Afrika ipo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki: Kilimanjaro yenye mita 5,895, Mlima Kenya wenye mita 5,199, na Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, wenye mita 5,109. Ongeza Karisimbi na Nyiragongo, ongeza Meru na Elgon. Wateja hawa wote wanataka kitu kimoja: stendi fupi, nyepesi na isiyotikisika. Hapo ndipo penye mtego, kwa sababu sifa hizo tatu hazipendani, na zikikutana mahali pamoja bei hupanda juu kama mlima wenyewe.

Uzito hupimwa getini

Katika malango ya Kilimanjaro mizigo ya wapagazi huwekwa kwenye mzani kabla safari haijaanza. Mpagazi, au mgumu kama wenyewe wanavyoitana, hatakiwi kubebeshwa zaidi ya kilo 20. Ndani ya kilo hizo kuna vitu vyake mwenyewe, kwa hiyo kampuni nyingi humwekea mteja ukomo wa kilo 15 kwa begi analobebewa. Tripodi ya studio yenye kilo tatu inakula sehemu ya tano ya begi hilo. Mteja anayejua hilo hatainunua hata ukimpunguzia bei. Asiyejua atainunua, ataambiwa getini aibebe mwenyewe mgongoni, na kufikia siku ya pili atakuwa anamtaja muuzaji kwa jina baya.

Kwa safari za miguu, tripodi yenye kilo moja hadi kilo moja na nusu, pamoja na kichwa chake, ndiyo inayobebeka bila manung'uniko. Neno "pamoja na kichwa chake" lishikwe vizuri. Watengenezaji wengine huandika uzito wa miguu peke yake, na kichwa cha gololi kinachoshika kamera kinaweza kuongeza gramu 300 au zaidi. Mfanyabiashara mwenye mzani mdogo wa dukani anajua ukweli kwa nusu dakika.

Hapo huja swali la alumini au nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyepesi: sentimita moja ya ujazo wake ina uzito wa takriban gramu 1.6, wakati alumini ni gramu 2.7. Pia hutuliza mtikisiko haraka, na haigandishi vidole saa nane usiku wapanda mlima wanapoanza kukifuata kilele. Lakini usidhani tripodi nzima itapungua uzito kwa kiasi hicho, maana ni mabomba ya miguu tu yanayobadilika. Viungo, skrubu na kichwa hubaki vya chuma au alumini vilevile.

Mfano mzuri ni tripodi ya safari ya kampuni ya Peak Design ya Marekani, ambayo ilitangazwa mwaka 2019 ikiwa na matoleo mawili yenye umbo moja. Ya alumini ina kilo 1.56, ya kaboni kilo 1.27. Tofauti ni gramu 290, pungufu ya chupa ndogo ya soda. Bei zake za mwanzo zilikuwa karibu dola 350 kwa alumini na dola 600 kwa kaboni. Mteja alikuwa analipa dola 250 ili apunguziwe gramu 290. Wapo watu ambao kwao hesabu hiyo inalipa, hasa wanaobeba mzigo wao wenyewe siku nane mfululizo. Ila mwenye duka la mtaani anayeweka mtaji wake kwenye kaboni kumi akisubiri watu hao anaweza kusubiri misimu miwili.

Na kuna kaboni ya kughushi: mabomba ya alumini yaliyobandikwa karatasi au kupakwa rangi yenye michoro ya kusukwa. Sumaku haitakusaidia, kwa kuwa alumini nayo haishikwi na sumaku. Fungua kifungio, vuta kipande cha chini kitoke kabisa, kisha angalia ukingo wa bomba. Alumini itang'aa; kaboni ni nyeusi hadi ndani. Muuzaji wa jumla akikataa usifungue, umeshapata jibu lako.

Fupi inayosimama

Begi la kuingia nalo kwenye ndege huwa na urefu wa sentimita 55 hivi. Tripodi iliyokunjwa ikawa sentimita 40 inalala ndani yake kwa raha, na ubavuni mwa begi la mlimani haitakwaruza matawi njia nzima. Ikizidi 50, mteja ataifunga nje kwa kamba na kuichukia.

Kuna njia mbili za kuifupisha. Ya kwanza ni kuongeza vipande vya mguu: badala ya vitatu viwe vinne au vitano, kimoja kikiingia ndani ya kingine kama mkonga wa redio ya zamani. Ya pili ni miguu inayogeuzwa juu kabisa hadi ikizunguke kichwa. Njia ya pili haina madhara makubwa, inakula muda tu wakati wa kufungua. Ya kwanza ina gharama yake. Kila kipande kinachoongezwa ni lazima kiwe chembamba kuliko kilichotangulia, na kila kiungo ni mahali pengine pa kutikisika. Bomba la mwisho la tripodi ya vipande vitano huweza kuwa jembamba kama kidole cha mwisho cha mkono, na hilo ndilo linalogusa ardhi.

Ndiyo maana kwa wateja wengi wa ukanda huu ningependekeza vipande vinne. Vitano viachwe kwa anayekubali kufungua vinne tu na kupiga picha akiwa amechuchumaa.

Kosa langu la Little Meru lilikuwa kwenye mlingoti wa katikati. Mlingoti ukipandishwa, kamera haisimami tena juu ya miguu mitatu. Inasimama juu ya mguu mmoja mwembamba uliochomekwa katikati ya mitatu. Upepo mdogo unatosha. Urefu wa kuuliza dukani ni ule unaofikiwa mlingoti ukiwa chini. Tangazo likisema sentimita 150, muulize muuzaji wa jumla ni sentimita ngapi bila mlingoti. Kwa tripodi nyingi ndogo jibu litashuka hadi 125 au hata chini ya hapo, na hiyo ndiyo namba ya kumwambia mteja wako. Tazama pia kama chini ya mlingoti kuna ndoano. Mlimani unaning'iniza begi lako pale, likigusa ardhi kidogo ili lisipepee, na stendi ya kilo moja inatulia kama ya kilo sita.

Kuhusu ule uzito unaoandikwa kwenye boksi kwamba tripodi inabeba kilo 8 au kilo 12, siutilii maanani sana. Watengenezaji hawapimi kwa kanuni moja inayowabana wote. Wengine hupima ni uzito gani miguu itabeba bila kuvunjika, ilhali mpiga picha anataka kujua ni uzito gani itabeba bila kutetemeka.

Kipimo changu ni cha kienyeji. Fungua miguu yote hadi mwisho, kaza, kisha egemeza viganja viwili juu na usukume chini kwa nguvu. Kifungio kikiteleza, irudishe. Halafu funga simu juu yake, vuta picha karibu kabisa hadi uone maandishi ya bango la mbali, piga mguu mmoja kwa kidole na uangalie kioo. Picha ikitulia ndani ya sekunde moja au mbili, hiyo ni ya kuuza. Ikiendelea kucheza kama mnazi kwenye kusi, mwache mwenzako ainunue.

Vumbi, skrubu na spea

Vifungio vya miguu ni vya aina mbili. Kuna vya kubana kwa klipu, ambavyo mtu anaona kwa macho kama vimefungwa, na kuna vya kuzungusha, ambavyo ni vidogo na havinasi kwenye nguo wala majani. Vya kuzungusha ndivyo vinavyopendwa kwenye tripodi za safari, lakini vumbi la volkano la kwetu haliviheshimu. Siku ya pili Meru unavizungusha unasikia vinasaga kama jiwe la kusagia. Kwa hiyo chagua ambavyo vinafunguka kabisa kwa mkono, vikafutwa kwa kitambaa na kurudishwa. Vya klipu navyo hulegea kwa muda, na huhitaji ufunguo mdogo wa pembe sita kuvikaza. Funguo hizo huja ndani ya boksi na hupotea wiki ya kwanza; ukiwa nazo dukani, mteja atarudi kwako.

Sehemu inayoua biashara kimyakimya ni kile kibati kinachofungwa chini ya kamera na kuchomekwa kwenye kichwa. Kikipotea, na hupotea sana, tripodi nzima inakuwa fimbo. Kuna vibati vya aina nyingi ambavyo vinaingia kwenye tripodi ya mtengenezaji mmoja tu. Chukua zile zinazofuata mtindo wa Arca-Swiss, wenye upana wa karibu milimita 38, kwa sababu vibati vyake vinatengenezwa na viwanda vingi na mteja wa Kasese atapata kile kile kinachouzwa Luthuli, Nairobi, au Kariakoo. Skrubu ya kamera ni ya inchi 1/4 karibu dunia nzima, na hata vishikio vingi vya simu huifuata. Ile inayounganisha kichwa na miguu kwa kawaida ni ya inchi 3/8. Tripodi ambayo kichwa chake hakitoki kabisa iogope: kichwa kikiharibika, vyote vimeharibika.

Majina makubwa ya Ulaya kama Manfrotto na Gitzo yana heshima na spea, na bei zao zinajulikana. Tripodi nyingi za bei ya kati zinazofika kwetu hutoka China, na Benro na Sirui, zote za mji wa Zhongshan, Guangdong, si bidhaa za kudharau. Tatizo liko kwenye zile zisizo na jina, au zenye jina linalobadilika kila kontena linapofika. Mabega ya plastiki, vijiti vitatu vyembamba vinavyounganisha miguu na mlingoti ili isisambae: ukiviona hivyo, hiyo ni ya sebuleni. Iuze kama ya sebuleni.

Si kila mteja anaihitaji

Anayekwenda kuona sokwe wa milimani Rwanda, Uganda au Kongo hupewa saa moja tu na wanyama wale, ndani ya msitu mnene, kwenye mteremko na utelezi, na huku sokwe wenyewe wanatembea. Tripodi huko ni mzigo. Mwambie ukweli, ukimuuzia, picha zake zitakuwa za majani.

Wa Serengeti au Maasai Mara naye hukaa ndani ya gari, ambamo miguu mitatu haina pa kusimama. Kinachomfaa ni mfuko wa turubai wenye zipu, uliojazwa maharage au mchele, unaowekwa kwenye ukingo wa dirisha au wa paa ili lenzi ilale juu yake. Mfuko husafiri mtupu, maharage hununuliwa sokoni Arusha au Narok, na siku ya kuondoka yanaachwa jikoni kwa mtu. Fundi cherehani yeyote anaushona ukimpa kipimo. Sijui kwa nini tunaziacha pesa hizi zilale.

Mpakani mambo hubadilika

Mfuko huo na tripodi vinaweza kuuzwa meza moja, lakini mbele ya afisa wa forodha si ndugu. Wafanyabiashara wadogo wengi wanaufahamu ule utaratibu uliorahisishwa wa Jumuiya kwa shehena isiyozidi dola 2,000, wenye cheti kifupi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani. Wanachokosea ni kudhani kuwa ukubwa wa shehena peke yake unatosha. Utaratibu huo ni wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Tripodi iliyotengenezwa Zhongshan haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imelala wiki mbili Kariakoo. Mfuko ulioshonwa Arusha, kwa upande mwingine, una nafasi ya kuombewa cheti. Uliza kwanza kama aina hiyo imo kwenye orodha.

Kwa tripodi za nje, jambo la kwanza ni namba. Tangu mwaka 2017 mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa umeipa tripodi namba yake yenyewe, 9620, pamoja na stendi za mguu mmoja na za miguu miwili. Kabla ya hapo ilikuwa ikipangwa huku na kule, mara kifaa cha kamera, mara kitu cha alumini. Wakala wako akiandika "vifaa vya kamera" tu, amekuacha uanze mabishano usiyoyahitaji. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una madaraja ya sifuri, asilimia 10, 25 na 35. Mtake wakala akuonyeshe daraja la 9620 kwenye kitabu cha ushuru kabla hujalipia mzigo kiwandani. Juu ya hapo kuna VAT ya nchi mzigo unakokwenda: asilimia 16 Kenya, 18 Tanzania, Uganda na Rwanda. Tofauti hiyo ya asilimia mbili ndogo huonekana vizuri sana kwenye tripodi ya dola 150.

La pili ni kuamua soko mapema. Chini ya utaratibu wa himaya moja ya forodha, mzigo unaokwenda nchi nyingine mwanachama hutolewa tamko na kulipiwa kwa nchi hiyo ukiwa bado bandarini Dar es Salaam au Mombasa. Anayelipia Tanzania kwanza, kisha akaamua kupeleka nusu ya mzigo Nairobi kupitia Namanga, anajitafutia maswali ya ushuru wa pili. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kimepunguza foleni. Maswali hakijayafuta.

Mimi ningekuwa na mtaji wa tripodi ishirini, ningechukua kumi na sita za alumini, vipande vinne, kilo moja na nusu au pungufu, sentimita 40 hadi 45 zikikunjwa, kichwa kinachotoka na kibati cha mtindo wa Arca-Swiss. Mbili zingekuwa ndogo za mezani za gramu 200 hivi, kwa wa simu. Za kaboni ningekaa na mbili tu, nyingine kwa oda na malipo ya awali. Ningeongeza vibati thelathini na mfuko wa funguo za pembe sita, ambavyo havijazi hata kiganja cha nafasi kwenye begi. Na tatu kati ya zile kumi na sita nisingeziuza kabisa. Ningeziweka kwenye duka la kukodisha vifaa vya mlima, Moshi au Nanyuki, kwa makubaliano ya kugawana, kwa sababu mtalii wa siku sita hana haja ya kumiliki, na mwongoza watalii aliyeizoea ya kukodi ndiye atakayenunua ya kwake msimu ukiisha.

Ile yangu iliyopasuka bega bado ninayo. Fundi wa baiskeli aliifunga kwa kipande cha bati na bolti mbili. Imeongezeka gramu 140, na sasa haitikisiki.